Karatasi Iliyofungia Iliki

Anselmi alirudi nyumbani na maharage, akayamwaga kwenye ungo, na alipotaka kuikunja karatasi iliyoyafungia ili awashie jiko, mkewe akamnyang'anya. Severa alikuwa na ugonjwa huo. Maandishi hayakupita mbele yake bila kusomwa, hata yale ya ubavuni mwa gunia la mbolea. Karatasi yenyewe ilikuwa kuukuu, rangi ya chai ya maziwa, na juu yake palipigwa chapa: Mlango wa Nane, Kufanya Mishumaa.

Akaisoma amesimama. Akairudia amekaa. Kisha akamuuliza mumewe maharage kayanunua wapi.

"Kwa Suud, Mtaa wa Tandamti. Kwani yana wadudu?"

"Hayana. Nipe kikapu."

Ilikuwa mwaka ule uliofuata vita vya Kagera, na sabuni ilikuwa imeota mabawa. Watu walifua kwa majani ya mpapai, na mwenye kipande cha sabuni alikifungia kabatini pamoja na hati ya ndoa. Severa, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama Gerezani, alisimama mkutanoni akasema maneno ambayo baadaye yalimkaba kooni: "Sabuni ni kitu gani hata kitushinde?" Tawi la chama likawapa banda karibu na reli na pipa la mafuta ya ng'ombe kutoka machinjioni. Majivu ya mikoko wakayapata kwenye tanuri la mikate, wakayachuja, wakachemsha.

Wakapata uji. Wakachemsha mara ya pili, uji. Mara ya tatu ulitoka uji mweusi unaovutika kama mlenda, haugandi, haukatiki, ukiushika unakwenda nawe mpaka nyumbani. Wenzake wakaacha kumwita Mama Ignasi, wakamwita Mama Mlenda. Katibu wa tawi hakucheka. Alisema Jumatatu atapita, na asipoona sabuni inayosimama yenyewe juu ya meza, banda na pipa vinakwenda kwa vijana wanaofua majiko ya mkaa, ambao angalau majiko yao yanaonekana. Siku hiyo ya maharage ilikuwa Jumamosi asubuhi.

Severa alikuwa na hesabu rahisi kichwani. Mshumaa ni mafuta ya ng'ombe, na sabuni ni mafuta ya ng'ombe. Mtu aliyejisumbua kuandika habari ya mishumaa hawezi kuipita sabuni kama haioni. Mlango wa nane ulikuwa mkononi mwake, basi mlango wa tisa ulikuwa kwa Suud, kama haujafungia mchele wa mtu.

Duka la Suud lilikuwa jembamba na refu kama mfuko wa bunduki, limejaa harufu ya bizari na karafuu. Karatasi za kufungia hazikupatikana popote mwaka ule, kwa hiyo Suud alikwenda mnadani, kwenye stoo ya mizigo iliyokosa wenyewe, akanunua shehena ya vitabu kwa uzito, kama mtu anunuaye vitunguu. Vilikuwa vimemwagwa nyuma ya duka, lundo limefika kiunoni, na mkewe Hamdiya alikaa juu ya jamvi akivichana.

Severa aliamkia, akaeleza shida yake kwa kifupi, akaomba ruhusa ya kutafuta. Suud alimwambia kutafuta ni bure, ila Mchaga kuingia dukani akatoka bila kununua ni mkosi kwa duka na kwake mwenyewe. Severa akamjibu kuwa mkosi wa Mchaga ni kununua asichokihitaji. Wakacheka wote wawili, naye akakunja kitenge chake, akapiga magoti, akaanza kuchakura kama kuku.

Hamdiya alimweleza utaratibu bila kusimamisha mikono. Majani makubwa ni ya maharage na mchele. Madogo ni ya viungo. Yenye picha za kung'aa hayana faida, yanateleza na hayakunjiki, hayo achukue tu. Na chochote chenye herufi za Kiarabu kinakwenda rafuni juu, hakichanwi, kwa sababu jina la Mungu huenda limo ndani.

"Na Biblia?" Severa aliuliza.

"Iko juu pia. Mungu wenu nami nitakutana naye, sitaki kesi."

Kitabu cha kwanza alichokivuta kilikuwa cha nyota. Herufi zake za Kijerumani zilikuwa na miiba kama mchongoma, hakuelewa hata neno, lakini katikati palikuwa na jani lililokunjwa, na alipolikunjua likaendelea kukunjuka mpaka likawa pana kama kanga, bluu iliyokolea, anga nzima, nyota zimeunganishwa kwa mistari zikawa dubu na mizani na mwanamke amekaa kitini. Akalikunja upya vibaya, akakiweka kando. Cha pili kilikuwa cha magonjwa ya punda, na punda wenyewe wamechorwa wamepasuliwa ubavu, kila utumbo na namba yake. Naye punda alikuwa anamtazama msomaji kwa utulivu kana kwamba jambo hilo halimhusu. Severa akasoma maelezo yote. Hakuwa na punda na hakutarajia kuwa naye.

Akazidi kuchimba. Palikuwa na mapishi ya Kireno yaliyojaa madoa ya manjano, dhahiri mwenyewe alikuwa akipikia juu yake. Palikuwa na kitabu cha mafundo ya kamba, kila fundo limechorwa kwa hatua, na Severa akajaribu moja kwa upindo wa kitenge chake, likakaza, likamchukua muda kulifungua. Palikuwa na nyimbo za kanisa kwa Kichaga, chapa ya zamani kabisa, na sauti nne zimeandikwa kwa do na re. Aliuona wimbo ambao bibi yake aliuimba akichuma kahawa, akauanza kwa sauti ya chini, akafika kwenye kiitikio akaisahau sauti ya chini.

"Mama Ignasi," Suud aliita kutoka mbele, "nimekuruhusu kutafuta, sikukuruhusu kufungua parokia."

"Nimemaliza. Sadaka utapitisha mwenyewe."

Halafu akakipata kijitabu cha kuwafundisha Wazungu Kiswahili, na hicho alimsomea Hamdiya kwa sauti, kwa lafudhi ya mwenye nyumba aliyechoshwa na nchi. "Lete maji. Maji haya si moto. Mpishi amekwenda wapi? Mwambie aje upesi. Kwa nini kuku huyu ni mwembamba?"

Hamdiya aliacha kuchana. "Hakuna mahali anaposema ahsante?"

Severa akapekua mbele, akapekua nyuma, akaangalia mpaka orodha ya maneno mwishoni. Hakuna.

"Nipe hicho," Hamdiya akasema. "Nitafungia pilipili."

Akakichana kwa furaha ya dhahiri. Wakati huo Severa alikuwa ameshaingia kitabu kingine, kinachodai kuwa tabia ya mtu husomeka kwenye masikio. Masikio ya mwongo yalichorwa, ya mwizi yalichorwa, ya mkarimu yalikuwa makubwa kama majani ya magimbi. Severa akainua macho kidogo akayachungulia ya Suud. Yalikuwa madogo, yamebana kichwani, na kitabu kilisema hayo ni ya mtu asiyetoa. Akacheka peke yake. Mteja mmoja aliingia, mwanamke mtu mzima, akataka iliki. Severa akasema shikamoo bila kuinua kichwa, akaitikiwa, na mteja akaondoka. Masikio ya wanaoolewa mara mbili yalikuwa ukurasa unaofuata, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeuacha.

Kilichomzindua ni rangi. Kwa pembe ya jicho aliiona mikono ya Hamdiya ikichana karatasi, na karatasi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Aliruka lundo. Hata leo Hamdiya anasimulia kwamba alidhani ni nyoka.

Kitabu kilikuwa pale tangu mwanzo, chini ya goti la Hamdiya, hakina jalada wala jina, kimechapwa na misheni fulani zamani za babu. Majani yake yalikuwa ya wastani, yanafaa kwa maharage kidogo na kwa viungo pia. Severa alikitwaa kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Mlango wa kwanza hadi wa saba ulikuwa umekwisha kwenda. Wa nane ulikuwa nyumbani kwake. Jani lililobaki juu lilisema: Mlango wa Tisa, Kufanya Sabuni.

Alisoma midomo ikimcheza. Kiswahili chake kilikuwa cha watu waliolala makaburini, lakini kilinyooka. Twaa majivu ya mti mgumu, uyachuje kwa maji. Ndiyo, tulifanya. Tia yai ndani ya maji hayo. Likizama, maji hayana nguvu. Likielea, maji yafaa kupokea mafuta. Ndiyo, hata bila yai tulibahatisha. Twaa mafuta ya ng'ombe, uyayeyushe, uyatie, ukoroge, uchemshe tangu asubuhi hata adhuhuri. Ndiyo, ndiyo. "Nawe utaona kwamba vyote vimekuwa uji mzito, ambao haugandi wala haukatiki. Wengi hukata tamaa hapa, wakamwaga. Usimwage. Ndipo"

Akafungua jani. Jani lililofuata lilianza: "uache ulale hata asubuhi. Utakapoamka utakuta sabuni yako ngumu juu, na maji machafu chini."

Kati ya "ndipo" na "uache" palikuwa na ukingo uliochanika, bado mweupe kwa upya.

"Bi Hamdiya," alisema polepole, "jani la hapa umelifungia nini?"

Hamdiya aliutazama ule ukingo, palipokuwa na jani lililolegea, rahisi kuchanika. Hakuwa mtu wa kuhangaika. Iliki haikununuliwa hovyo siku zile. Tangu kufungua duka asubuhi ile alikuwa ameifunga mara moja tu, sasa hivi, kwa Bi Tatu wa vitumbua, Mtaa wa Mchikichi. "Si umemwamkia mwenyewe?" akauliza.

Severa alisimama akiwa na hasira ambayo hakuwa na wa kumpa. Masikio ya wanaoolewa mara mbili. Angepewa masikio yake mwenyewe kuyachora, angeyachora ya punda. Alimwomba Hamdiya asikiguse kitabu kile hata kwa ncha ya ukucha, Suud akamwambia akichukue kabisa, kelele zipungue, naye akakitia kikapuni akatoka akikimbia. Mtu mzima akikimbia Kariakoo watu hudhani kuna sukari mahali, na kwa hiyo alipofika kona ya Mchikichi alikuwa na wenzake watano nyuma wanaouliza foleni iko wapi.

Bi Tatu alikuwa kibarazani pake, chuma cha vitumbua kikitokota mbele yake. Iliki alikuwa ameshaimwaga kwenye kinu. Karatasi alikuwa nayo mkononi, ameisogeza mbali na macho, kidole kiko mstari wa pili.

"Shikamoo, Bi Tatu. Naiomba hiyo karatasi."

"Marahaba, mwanangu. Ipi?"

"Hiyo mkononi."

"Hii naisoma."

Severa akaeleza yote, uji, pipa, katibu, Jumatatu. Akampa kitabu kizima abaki nacho badala ya jani moja. Bi Tatu alisikiliza kwa adabu, kisha akamweleza na yeye ya kwake. Alikuwa amefaulu mtihani wa kisomo cha watu wazima mwaka jana, akapewa cheti, na siku ya pili vitabu vya kisomo vikakusanywa wapewe wengine. Basi tangu siku hiyo alikuwa anasoma alichofungiwa. Iliki ilikuwa na habari nzuri kuliko chumvi. Juzi alisoma mambo ya bwana mmoja aliyepotea msituni mpaka simba akamtokea mbele, anafungua kinywa, karatasi ikaisha.

"Mpaka leo sijui kama alipona," alisema. "Nimerudi kwa Suud nikanunua tena, nikapewa habari ya reli. Hii ya leo siitoi kabla sijaimaliza."

"Basi nikusomee haraka."

"Ndivyo alivyokuwa yule mwalimu wetu. Nikishika neno, ananimalizia. Leo namaliza mwenyewe. Wewe geuza vitumbua."

Kwa hiyo Severa, mwenyekiti wa kikundi, mwenye cheti chake cha chuo ukutani kwenye fremu, alikaa kwenye kigoda akageuza vitumbua vya mtu kwa kijiti. Akajaribu kuchungulia, Bi Tatu akaifunika karatasi kwa kiganja. Akajaribu tena kwa kisingizio cha moshi, akaambiwa moshi uko upande ule. Wale wa foleni waliposikia kuna karatasi inasomwa, hawakuondoka, wakachutama. Bi Tatu akarudi mwanzo wa mstari, maana alikuwa amekatizwa, na kisomo hakikatizwi.

"U-tu-pe. Utupe. Ndani. Ya-ke."

Severa alibana meno. Kitumbua kimoja kikaiva, akakitoa. Kingine kikaiva.

"Chu." Bi Tatu akasogeza karatasi mbali zaidi. "Chu-m. Chum. Vi."

Wale watano wa foleni wakasogeza vichwa.

"Chumvi," akasema Bi Tatu. "Utupe ndani yake chumvi."

Kijiti kilisimama hewani. Vitumbua vilivyobaki viliungua vyote na hakuna aliyevililia. Chumvi. Kitu kilichokuwa kwenye kila jiko la Gerezani, kitu ambacho kila mama katika kile kikundi alikuwa anakishika asubuhi na jioni. Severa alihisi kucheka na kulia vinasukumana mlangoni.

"Endelea, Bi Tatu. Polepole. Mimi sina haraka."

Huo ulikuwa uongo, lakini aliusema kwa moyo safi. Na Bi Tatu akaendelea, sauti ikipata nguvu kadiri alivyokwenda. "Konzi kwa konzi, huku ukikoroga, hata uone uji umekatika kama maziwa yaliyoharibika. Usiogope."

"Kimesema usiogope?"

"Usiogope. Imeandikwa, tazama mwenyewe." Na sasa ndipo alipoigeuza karatasi amwonyeshe.

Adhuhuri ile akina mama wote waliitwa bandani, na kila mmoja aliambiwa aje na chumvi yake. Walikuja wananung'unika. Theopista, mwenye ulimi mrefu kuliko wote, aliuliza kama Mama Mlenda sasa anapika mboga, basi na nyanya zije. Lakini waliwasha moto. Ule uji wa mara ya tatu ulikuwa haujamwagwa, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuumwaga, ukarudishwa motoni mpaka ukachemka na kupiga mapovu. Bi Tatu alikuja na karatasi yake, kwa masharti kwamba anaisoma yeye, akasimama kando ya pipa amevaa baibui kama mtu aliyeitwa kwenye hadhara.

"Konzi ya kwanza," akasoma, ingawa hiyo haikuandikwa.

Severa akatupa chumvi ya kujaza kiganja. Hakuna kitu. Ya pili, ya tatu, na Theopista akikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia huku akilalamikia mgongo. Chumvi ya mama mmoja ikaisha, ya mwingine ikafuata. Halafu mwiko ukawa mwepesi ghafla. Theopista akanyamaza, na hilo peke yake lilikuwa jambo. Ule mlenda uliokataa kukatika ulikatika. Ukameguka, ukawa vipandevipande, maji meusi yakajitokeza katikati, pipa zima likawa baya la kutazama, kama mtindi uliotupwa juani. Mama mmoja akashika kichwa, akasema wameharibu hata uji wenyewe.

"Usiogope," Bi Tatu akasoma.

Na Severa akaendelea kutupa, kwa sababu alikuwa anaona kinachopanda. Vile vipande vilikuwa vinapanda. Kimoja kinamsukuma mwenzake, vinakutana juu, vinashikana, vyeupe kuliko chochote walichowahi kukiona ndani ya pipa lile. Aliinama mpaka mvuke ukamchoma uso. Theopista alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele, na baada ya hapo hakuna aliyemsikia mwenzake.

Walizima moto, wakafunika kwa magunia, wakauacha ulale kama ulivyoamrishwa. Severa hakulala. Alfajiri, kabla ya misa, alikwenda bandani na Anselmi amebeba taa, akabonyeza kwa kidole. Kidole kilikataliwa. Akabonyeza kwa kisigino cha mkono. Akamwambia Anselmi ajaribu. Anselmi, mtu wa maneno machache, alibisha hodi juu yake kama juu ya mlango, na ikaitika.

Jumapili mchana waliikata kwa waya, wakagombana kuhusu ukubwa wa miche mpaka wakaelewana, wakaipanga mezani. Haikuwa na manukato yoyote, na pembe zake hazikunyooka. Lakini ilisimama.

Katibu wa tawi alipofika Jumatatu alikuta mlango wa banda umezibwa na watu. Habari zilikuwa zimepita Kariakoo nzima, na mstari ulianzia mezani, ukakunja ukuta, ukafuata reli. Alipenya akiomba radhi. Severa alimsogezea beseni la maji na mche mmoja. Katibu alikunja mikono ya kaunda suti yake, akasugua. Povu likapanda mpaka viwikoni. Akasugua tena, bila sababu, kama mtoto. Akanusa viganja, akajipangusa, akatangaza kwamba banda na pipa vinabaki kwa akina mama, na kwamba tawi litaomba mafuta zaidi machinjioni. Vigelegele vikamkata maneno aliyokuwa ameyaandaa.

Kelele zilipopungua, alisogea karibu na meza, akaushusha ule mkono wenye harufu ya usafi juu ya mche mkubwa kuliko yote, akauliza kwa sauti ya chini kama angeweza kupata angalau miwili ya nyumbani, mama watoto amehangaika sana.

Bi Tatu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akisoma mlango wa kumi, hakuinua macho kutoka kwenye mstari wake.

"Foleni inaanzia kule, ndugu katibu."